Anodi Huacha, Kathodi Hukamata

Machi 3

Muuguzi wa mazoezi ameniambia niandike kila siku anachotamka Mwalimu, mume wangu, tangu kiharusi kimpige, ili tujue kama ulimi unarudi au unazidi kwenda. Nikamwambia mimi fundi cherehani, maandishi yangu ni vipimo vya viuno na mabega. Akasema, "Andika hivyo hivyo, mama."

Haya. Leo Mwalimu hakutamka kitu. Mvua imeanza mchana na haijakata.

Machi 4

Hakutamka kitu.

Machi 6

"Mm." Nilikuwa namgeuza upande. Huenda lilikuwa neno, huenda ni pumzi tu iliyombana.

Machi 9

Leo nina la kuandika.

Kitinda alikuwa sebuleni anasoma kwa sauti. Huyu ndiye mtoto wetu wa mwisho, dada zake wote wameolewa mbali. Mtihani wake ni mwezi wa tano na anataka kwenda kusomea uuguzi. Kemia ndiyo inayomtoa jasho, yeye mtoto wa mwalimu wa kemia! Mimi nilikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Akasoma, "Anodi huacha..." akakwama. Akarudia, "Anodi huacha..."

Chumbani ikatoka sauti: "Kathodi hukamata."

Ilibaki kidogo nimeze pini. Tulikimbia wote wawili tukagongana mlangoni. Mwalimu alikuwa amelala vilevile, mkono wa kulia umekufa juu ya shuka, macho kwenye dari. Kitinda akapiga magoti. "Baba, anodi huacha?"

"Kathodi hukamata," akasema. Safi kabisa, kama yuko mbele ya darasa.

Nikamshika uso. "Mwalimu, mimi ni nani?"

Akanitazama mdomo. Akahangaika, midomo ikatafuta, shingo ikasimama mishipa. "A... a..." Basi. Machozi yakamtoka jicho moja.

Tumeishi pamoja tangu nina umri wa Kitinda, na jina langu halimo. Betri imo.

Machi 10

Muuguzi amesema ni kawaida. Vitu alivyovikariri mtu kwa miaka, kama sala, nyimbo na kuhesabu, vimelala mahali pengine kichwani, na kiharusi huweza kuviruka. "Lakini msivitegemee sana, mama," akasema. "Kutamka siyo kusema."

Yeye ana gari la kumrudisha kwake na mume wa kumpigia soga.

Mtu asiyemjua Mwalimu hawezi kuelewa. Shuleni wanamwita Mwalimu Betri. Kila alichofundisha alikitungia maneno ya kushika, akayaimbisha darasa mpaka walinzi wa shule wakayajua. Nimeyasikia humu nyumbani miaka yote hiyo bila kujua yanahusu nini. Nilikuwa namcheka: mtu mzima mwenye mvi anaimba habari za kijiko! "Kijiko Kinakaa Kathodi." Ndiyo, hata hilo analo. Nimemwanzishia jioni hii akalimaliza.

Machi 12

Leo tumepata mstari mrefu. Kitinda kaanza, "Polisi saba..." na baba yake akaumalizia bila kusita: "...kamata mwizi aliyeiba zulia, cherehani, redio, hereni, sahani, feni, dirisha."

Ni madini, kumbe, kuanzia lenye fujo hadi lililotulia. Kila neno lina herufi ya kwanza ya mwenzake: potasi, sodi, kalisi, magnesi, alumini, zinki, chuma, risasi, hidrojeni (hili si madini, lakini limepewa kiti), shaba, fedha, dhahabu. Lililo juu huachia elektroni upesi, la chini huzing'ang'ania. Kitinda anasema akifika mwisho baba yake alikuwa anauliza darasa, "Mwizi gani huiba dirisha?" na darasa linaanguka kwa kicheko kila mwaka, kicheko kilekile.

Leo hakuuliza. Aliishia kwenye dirisha akafumba macho.

Machi 15

Nimemwambia Kitinda anifundishe yote. Kama hayo ndiyo maneno aliyobaki nayo mume wangu, nami nitayajua.

"Mama, utayaweza?"

"Nimekuzaa wewe, nitashindwa na betri?"

Akachukua tochi akaifungua. Ndani ya betri kuna ncha mbili. Anodi inaacha elektroni, kathodi inazikamata, na safari yao kupitia waya ndiyo inayowasha taa. A na A, K na K. Hapo nilielewa. Tatizo la Kitinda liko mbele kidogo: anodi ya betri ni hasi, lakini ukipitisha umeme wa nje kwenye maji ya dawa ili kupaka kijiko fedha, anodi inakuwa chanya. Jaribio lililopita alizichanganya zote akapata sifuri yenye duara kubwa.

Tukamwendea Mwalimu. "Baba, anodi ya hiari?"

"Hasi. Ya kuchapwa, chanya."

Hiari, yaani betri, hasi. Kuchapwa, yaani umeme wa nje, chanya. Kitinda alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Yaani hili nilikuwa nalo sikioni muda wote!"

Tumecheka. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi tucheke kwa nguvu.

Machi 19

Mvua. Nguo hazikauki. "Chumba kina mume na mke." Nilidhani anasema nasi. Kumbe ni kanuni: chaji ni mkondo mara muda.

Machi 24

Naandika haraka nisisahau. Nilikuwa namlisha. Kijiko cha nne hivi, akageuza uso akasema, "Acha." Neno moja peke yake, bila anodi. Nikaacha. Baadaye nikambebea kikombe, akanyoosha mkono wa kushoto: "Kamata."

Anasema! Ameyachukua maneno ya darasani anayatumia kama watu. Nikampigia simu muuguzi, akasema vizuri, andika. Nikamwambia jirani yetu dereva wa teksi, akasema, "Mama, huyo anarudi huyo!" Nimemshonea Mwalimu shati jipya lenye vifungo vikubwa ili aweze kufunga kwa mkono mmoja.

Machi 31

Mwalimu mpya wa kemia amekuja kumjulia hali mwenzake. Kijana mwembamba, viatu vimejaa tope. Wanafunzi wamembandika jina la Kwanini, kwa sababu ukimjibu swali anakuuliza kwa nini. Kitinda hampendi. Anasema siku ya kwanza aliwaambia darasa wafute madaftarini "hizo nyimbo," kukariri siyo kujua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nilimkalisha karibu na kitanda. Nilitaka aone. Nikaanza, "Anodi huacha?" na Mwalimu akamaliza. Nikaanza polisi saba, akamaliza. Nikamweleza habari ya acha na kamata. Kijana alisikiliza kwa adabu, mikono magotini. Kisha akasema, "Mama, naomba nijaribu kitu."

Akamwinamia Mwalimu. "Kathodi huacha?"

Mwalimu akajibu, "Anodi hukamata."

Nikadhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mvua. Akarudia: "Kathodi huacha, mwalimu?"

"Anodi hukamata." Safi, uso mkunjufu, kama anayempongeza.

Mwanafunzi aliyethubutu kusema hivyo darasani kwake alipigwa chaki ya sikio. Nimewahi kumwona anarudi nyumbani hali chakula kwa sababu darasa zima limegeuza anodi na kathodi. Leo ameuitikia uongo kwa sauti ileile aliyouitikia ukweli. Anafuata mwendo wa maneno tu. Ndani ya maneno hamna mtu.

Kijana alipoona uso wangu akasimama. "Samahani sana, mama. Nilitaka tu kujua kama anaelewa."

"Umeshajua," nikamwambia. "Haya, mvua imepungua. Nenda."

Aprili 1

Hakuna cha kuandika.

Aprili 2

"Acha." Hakuwa amepewa kitu chochote wala hakuguswa.

Aprili 8

Nimegombana na Kitinda. Kila akirudi shule anakaa kitandani kwa baba yake na kuanza: anioni kwa anodi, kationi kwa kathodi, daraja la chumvi, kijiko. Na yeye anaitikia, anaitikia, mpaka sauti inakauka. Leo nimemtoa kwa mkono.

"Unamkamua baba yako kama ndimu! Mtihani ndio unaokuuma. Huoni kuwa amechoka?"

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisema polepole, "Mama, mimi haya yote ninayajua. Nayajua tangu mwezi uliopita."

"Sasa unamuuliza nini?"

"Nisipomuuliza, atakuwa anasema nini?"

Akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Mimi nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa gauni kinyumenyume, ikabidi nifumue wote.

Aprili 14

Maji yameingia maabara ya shule. Kwanini amekuja, amesimama nje ya mlango kama mdai, akauliza kama darasa la mtihani linaweza kukaa hapa alasiri mpaka maji yapungue. Nilikuwa na jibu lake tayari mdomoni. Kisha akasema, "Na mwalimu akae nao. Mbele." Nikamwachia mlango.

Walijaa mpaka jikoni, wengine wamekalia vitambaa vya watu. Tulimweka Mwalimu kwenye kiti chenye mito. Kwanini alifundisha, na kila alipofika mahali pa kukumbuka, alinyamaza akamgeukia: "Mwalimu, anodi ya hiari?" Na mzee wangu akajibu, na darasa likarudia baada yake. Kisha ndipo kijana akauliza kwa nini, akaeleza: kwenye betri metali yenyewe ndiyo inayotoa elektroni, zinajazana pale, kwa hiyo hasi. Kwenye kupaka fedha, mashine ya nje inazivuta zitoke, kwa hiyo chanya. Hata mimi nimeelewa, na nilikuwa nakata kola.

Walipoondoka nikamuuliza kwa nini amezirudisha nyimbo. Akakuna kichwa.

"Niliwapa jaribio, mama. Nilichofundisha mimi kimetoka. Kilichobaki vichwani mwao ni cha kwake."

Nilimtengenezea chai. Ana njaa yule kijana, sijui anaishi na nani.

Aprili 20

"Polisi saba kamata mwizi aliyeiba zulia, cherehani, redio." Akaishia hapo. Nikamngoja. "Hereni," nikamwambia. Akanitazama.

Aprili 22

Ameishia kwenye zulia.

Aprili 25

"Polisi." Mvua inanyesha kana kwamba inalipwa.

Aprili 27

Kitinda anasema baba yake amecheka. Anasema walikuwa wawili chumbani, yeye akausema mstari wote peke yake mpaka mwisho, na alipofika kwenye dirisha Mwalimu akacheka, bega likatikisika. Nilikuwa sokoni kutafuta uzi. Nimemuuliza mara ngapi sijui, kwa sauti au kimya? Kwa mdomo wote au upande? Anaapa kuwa amecheka.

Nimekaa na Mwalimu jioni nzima nikisema dirisha, dirisha, dirisha. Alinitazama kama anayemtazama mtu wa kupita.

Mei 1

Hakutamka kitu.

Mei 4

Hakutamka kitu. Kitinda hamuulizi tena. Anakaa miguuni pake anasoma kimya.

Mei 6

Kesho ni kemia. Nimempigia pasi sketi. Kwanini amepita kuwaona wanafunzi wake nyumba kwa nyumba, mwavuli umevunjika mbavu. Akamwambia Kitinda, "Ukikwama, msikilize mzee kwanza, halafu jiulize kwa nini." Mwanangu akatabasamu, kitu ambacho sijakiona siku nyingi.

Mei 13

Tumemzika. Naandika sasa kwa sababu watu wameondoka, na kwa sababu nisipoandika itabaki inazunguka humu ndani.

Asubuhi ya mtihani Kitinda aliamka kabla yangu. Nilimsikia akioga, nikamsikia ameingia chumbani kwa baba yake kumuaga, kisha mlango wa nje. "Nimekwenda, mama!" Nikamwitikia nikiwa uani. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma kulikuwa na jua, nikasema nifue mashuka yote kabla halijabadili mawazo. Nilifua, nikasuuza, nikaanika. Nikachemsha uji. Nikaupoza. Ndipo nikaingia.

Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Jicho moja wazi. Anakoroma kwa namna ambayo si ya usingizi.

Dereva jirani alikuja amevaa fulana ya ndani tu, tukambeba kwa shuka. Garini akaniuliza, "Tumpitie binti? Shule iko njiani." Na kweli iko njiani, tuliliona geti. Nikaona watoto wa watu wamekaa kimya madirishani wameinamisha vichwa. Nikasema, "Usisimame. Twende." Niliamua mimi. Kama ni dhambi, ni yangu. Nilisema amalize mtihani wake, atamkuta hospitalini.

Hakumkuta. Alifia kwenye kitanda cha magurudumu, ukumbini, nimemshika mguu kwa sababu mikono walikuwa wanaishughulikia wauguzi. Hakutamka kitu. Nimeandika hivi kwa ajili ya muuguzi.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu. Akaniuliza tulimwona saa ngapi akiwa hivyo. Nikamwambia. Akasema, "Mama, mngewahi kidogo tu asubuhi, tungekuwa na la kufanya." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejisemea mwenyewe.

Nilikuwa nafua mashuka.

Mei 17

Kitinda hasemi nami. Shikamoo, na nimeshiba. Ana haki. Nilipita mbele ya geti lake.

Mei 21

Kwanini alikuja na wanafunzi wachache. Akasema swali kubwa lilitoka kwenye hayo hayo ya anodi na kathodi, na kwamba darasa zima lililijibu, wengine wakiimba chini kwa chini mpaka msimamizi akawakemea. Alidhani inatufariji. "Na wewe uliliandika?" akamuuliza Kitinda.

"Lote," akasema. Akainuka akaenda uani, akakaa huko mpaka wageni wakaondoka.

Mei 24

Mvua zimekata. Vumbi limeanza. Nimelaza shati lake lenye vifungo vikubwa mezani, sijui nilifanye nini.

Mei 29

Mchana nilikuwa nashona sare za watu. Kitinda akaja, akakaa chini kwenye vipande vya vitambaa, mgongo umeegemea mguu wa meza ya cherehani. Sikusimamisha mashine. Niliogopa nikisimamisha ataondoka.

"Mama, nilimwona."

"Nani?"

"Baba. Asubuhi ile. Nilipoingia kumuaga."

Nikaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Mdomo ulikuwa umeshakwenda upande, udenda unamtoka. Nikamwambia, 'Baba, anodi?' Nikamwambia tena. Nilijua, mama. Siyo kwamba sikujua. Nikamfuta udenda, nikamvutia shuka, nikachukua kalamu zangu nikakuaga." Alikuwa anaongea na sakafu. "Nilisema nikikwambia sitaandika tena mtihani huu. Nilisema nitarudi mchana. Nilisema labda amelala vibaya tu."

Muda wote huu nilidhani ananikasirikia mimi. Kumbe alikuwa ananikimbia asije akanitazama usoni.

"Wewe ulimwona saa ngapi?" akauliza.

"Sikutazama saa."

"Ulikuwa umeshamaliza kufua?"

Nikaokota uzi uliokuwa umemnasa begani.

"Daktari alisemaje, mama? Alisema tungewahi?"

Ana uso wa baba yake akiuliza, ule wa kutaka jibu kamili. Nikamwambia, "Alisema hata kama angekuwa amelala pale pale hospitalini, wasingeweza kitu. Ilikuwa imempasuka ndani vibaya. Ilikuwa imekwisha tangu alfajiri."

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

"Tangu alfajiri?"

"Kabla hujaamka, mwanangu."

Ndipo akalia. Alilia ameniwekea kichwa mapajani, kilio kile cha kukosa hewa, na mimi namshika kisogo nikimwambia basi, mama, basi. Alilia mpaka akalala hapo hapo juu ya vitambaa, amekunja miguu. Sijawahi kumwona amelala hivi tangu msiba. Nimemfunika kwa sare ya mtu.

Sasa naandika naye anakoroma kidogo hapa chini. Matokeo yanatoka mwezi ujao. Kwanini ana hakika atapasi, na atachukuliwa chuo cha uuguzi. Huko watamfundisha mwili wa binadamu, kiungo kwa kiungo. Watafika kwenye kiharusi. Watamfundisha kuwahi, na kwamba asubuhi moja inaweza kuwa yote. Na yeye ana kichwa cha kushika mambo, hatasahau. Atahesabu mwenyewe kutoka pale alipofunga mlango, na atajua nilimdanganya, na atajua kwa nini.

Tangu azaliwe sijawahi kuomba kitu kingine ila mwanangu afaulu. Leo nimefunga mikono nikakosa la kuomba.